Barabara ya Serikali, Basi la Nani? Kisa cha Mwendokasi Dar es Salaam

Kwa muda usiopungua mwaka mzima, njia maalumu ya mabasi yaendayo haraka iliyojengwa katikati ya Barabara ya Kilwa, kutoka mjini hadi Mbagala Rangi Tatu, ilikuwa na karibu kila kitu isipokuwa mabasi. Zege lilikuwa limekauka, vituo vimeezekwa na madaraja ya waenda kwa miguu yamesimama, huku pembeni yake daladala na bajaji zikiendelea kugombea nafasi kwenye foleni ileile ya siku zote. Kilomita hizo 20.3 za awamu ya pili zilijengwa na kampuni ya Sinohydro ya China kwa fedha ambazo sehemu yake kubwa ni mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, mkopo ambao walipakodi wanaulipa iwe basi linapita au halipiti. Huduma ilipoanza hatimaye, mwezi Oktoba 2025, ilianza kwa mabasi ya gesi asilia ya kampuni binafsi ya Kitanzania, Mofat.

Watu wa Dar es Salaam wanapobishana kama ajira na ukuaji wa uchumi huletwa na Serikali au na wafanyabiashara, mara nyingi hubishana kwa imani. Mmoja husema Serikali ndiyo yenye mkono mrefu, na bila yeye mnyonge hapati kitu. Mwingine hujibu kwamba Serikali ikae pembeni, wenye mitaji wafanye kazi yao. Usafiri wa jiji hili unatupatia nafasi adimu ya kuuangalia ubishi huo kwa macho, kwa sababu katika nusu karne tu pande zote mbili zimeshapewa usukani kwa zamu, na mara moja zimepewa kwa pamoja. Ni hiyo mara ya pamoja ninayotaka kuikalia zaidi.

Historia yenyewe inaweza kuelezwa kwa ufupi. Baada ya Azimio la Arusha kampuni binafsi ya mabasi ya jiji, DMT, ilitaifishwa, na mwaka 1974 ikagawanywa kuwa mashirika mawili: KAMATA kwa safari za mikoani na UDA kwa usafiri wa Dar es Salaam. UDA ilirithi jiji lililokuwa likikua haraka, nauli iliyopangwa na Serikali kwa kuangalia zaidi uwezo wa abiria kuliko gharama ya safari, na uhitaji wa vipuri ambavyo vilinunuliwa kwa fedha za kigeni. Bei ya mafuta ikapanda duniani, Vita vya Kagera vikaja, fedha za kigeni zikakauka, na mabasi yakaanza kulala karakana. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu walikuwa wakisubiri vituoni kwa saa nyingi, na magari ya watu binafsi yalikuwa yakipakia abiria kwa kujificha. Mwaka 1983 Serikali ilikubali yaliyokuwa yakitendeka ikaruhusu mabasi ya watu binafsi kihalali. Daladala zilizaliwa hapo.

Hapa mtetezi wa biashara huru hupiga makofi, na ana sababu. Kibali kile cha 1983, ambacho hakikuhitaji bajeti wala mkopo wa benki ya kimataifa, kilizaa mfumo uliobeba sehemu kubwa ya wakazi wa jiji kwa zaidi ya miaka 30, na ambao hata leo unabeba wale wote ambao mwendokasi haujawafikia. Hakuna mradi wowote wa ajira uliobuniwa ofisini Dar es Salaam ambao unaweza kufananishwa na daladala kwa wingi wa watu waliopata mkate wao humo: madereva, makonda, madeiwaka wanaoshika gari mwenye zamu akichoka, wapiga debe vituoni, mafundi wa gereji za uchochoroni, wauza vipuri wa Kariakoo, waosha magari, na mama lishe anayewauzia wote hao chai ya alfajiri. Fundi aliyetoka shule ya msingi aliweza kuingia. Mstaafu aliyepata kiinua mgongo aliweza kununua Hiace moja akawa mwajiri.

Tatizo linaanza tunapouliza ajira hizo ni za namna gani. Mpangilio wake unajulikana kwa kila mtu aliyewahi kukaa kiti cha mbele: mwenye gari anataka hesabu, yaani kiasi maalumu cha fedha kila siku, na kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho dereva na konda wanachogawana. Mwenye gari anaubeba mzigo wa mtaji wake; lakini mzigo wa soko, ule wa siku ya mvua, siku ya mwezi kuwa katikati na abiria hawana fedha, siku ya askari wengi barabarani, wote umehamishiwa kwa wafanyakazi wawili wasio na mkataba, wasio na mfuko wa hifadhi ya jamii, na wanaoweza kunyang'anywa ufunguo jioni bila maelezo. Mambo tunayoyalaumu kama tabia mbaya ya madereva, kukimbizana, kujaza watu hadi mlangoni, kumwacha mwanafunzi kituoni kwa kuwa nauli yake ni ndogo, kukatisha ruti na kuwashusha abiria njiani, ni matokeo ya hesabu hiyo kabla hayajawa suala la malezi. Wafanyakazi hao hawakunyamaza. Walijiunga katika chama chao, UWAMADAR, wakadai mikataba ya ajira, na mikataba hiyo ilikuwa miongoni mwa madai yaliyotajwa madereva wa nchi nzima walipogoma mwaka 2015 na kuacha vituo vya mabasi vikiwa vimejaa abiria wasio na pa kwenda. Soko lililoweza kuzalisha maelfu ya kazi ndani ya muda mfupi halikuweza, kwa nguvu zake lenyewe, kuzalisha mkataba wa kurasa mbili.

Kulikuwa pia na kitu kingine ambacho soko hilo halikuweza. Hakuna mwenye daladala moja aina ya Coaster, wala hata muungano wa wenye Coaster elfu, ambaye angeweza kuamua kuipanua Barabara ya Morogoro, kuwalipa fidia waliokuwa pembezoni, kuhamisha mabomba ya maji na nguzo za umeme, kisha kutenga njia mbili za katikati zisiguswe na gari jingine. Kazi hiyo ni ya dola, na dola iliifanya. Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, yaani DART, uliundwa mwaka 2007; fedha zikakopwa Benki ya Dunia; kampuni ya Strabag ikaanza ujenzi mwaka 2012; na mwezi Mei 2016 mabasi yakaanza kukimbia kati ya Kimara na Kivukoni, pamoja na matawi ya Kariakoo na Morocco, jumla ya kilomita takribani 21. Safari ambayo asubuhi ilikula saa mbili au zaidi ikashuka hadi chini ya saa moja. Jiji likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018, likiwa la kwanza barani Afrika kuipata.

Nadhani wachumi wetu wamelizungumzia kidogo mno jambo hili la muda. Anayeishi Mbezi na kufanya kazi Posta, akiokolewa saa mbili kwa siku, anaweza kufika kazini kabla ya bosi wake kukasirika, anaweza kukubali kazi ambayo zamani ingekuwa mbali mno, na anaweza kufungua genge jioni. Mfanyabiashara wa Kariakoo anapata wateja wa mbali zaidi bila kuhamisha duka. Huo ndio ukuaji wa uchumi kwa maana yake ya msingi, yaani watu walewale na saa zilezile kuzalisha zaidi, na haukuletwa na mfanyabiashara yeyote. Uliletwa na zege la Serikali.

Lakini hapohapo kuna hesabu isiyopendeza ambayo wanasiasa walioizindua awamu ya kwanza hawakuipenda kuitaja. Basi refu la mwendokasi lenye maungio hubeba abiria wapatao 150. Tukikadiria kwamba Coaster iliyojaa, pamoja na waliosimama, inabeba 50, basi moja refu linachukua nafasi ya Coaster tatu. Coaster tatu zina madereva watatu na makonda watatu, bila kuwahesabu madeiwaka. Basi refu lina dereva mmoja, na halina konda kabisa kwa kuwa tiketi hukatwa kituoni. Ni kweli kwamba kituo kinaajiri mkata tiketi, mlinzi na mfagiaji, na kwamba hawa angalau wana karatasi ya ajira, mshahara wa mwezi na michango ya hifadhi ya jamii. Hata hivyo, daladala zilipoondolewa kwenye Barabara ya Morogoro, kazi nyingi mbovu zilibadilishwa na kazi chache nzuri zaidi. Anayesema mradi ule ulileta ajira anasema kweli nusu, na anayesema uliua ajira naye anasema nusu iliyobaki. Kwa maoni yangu faida ya jumla ilikuwa kubwa kuliko hasara, ila faida hiyo iligawanywa kwa abiria laki kadhaa walioipata kwa dakika, na hasara ikamwangukia konda mmoja mmoja, aliyeipata yote kwa siku moja.

Waliopanga mradi waliliona hilo, angalau kwa upande wa wenye magari. Ndiyo maana mwaka 2015 ilibuniwa huduma ya mpito: kampuni ya UDA-RT, ambayo ndani yake iliwekwa UDA pamoja na vyama vya wamiliki wa daladala, ikapewa mkataba wa muda mfupi ili wale waliokuwa wakipoteza barabara wapate sehemu ya mabasi mapya. Wazo lilikuwa la busara. Makonda na madereva, nao, hawakuwa na hisa ya kuingiza popote. Kampuni ilileta mabasi 140 ya kuanzia, idadi ambayo ilikuwa chini ya nusu ya yaliyokusudiwa kwa njia nzima, nayo ilipaswa kutosha kwa muda mfupi hadi mwendeshaji wa kudumu apatikane kwa zabuni ya wazi.

Muda huo mfupi uligeuka miaka. Hapa ndipo kisa kinapokuwa na mafunzo zaidi kuliko mjadala wa kawaida, kwa sababu UDA yenyewe, shirika lililozaliwa 1974 kama mali ya umma, wakati huo ilikuwa imeingizwa mbia binafsi, Simon Group, kwa mauzo ya hisa ya mwaka 2011 yaliyozua mjadala mkali bungeni na kuandikwa katika taarifa za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG). Kwa hiyo aliyekabidhiwa njia ya kwanza ya mwendokasi hakuwa Serikali iliyo wazi, inayowajibika mbele ya madiwani na wabunge kwa kila shilingi, wala hakuwa mfanyabiashara aliye wazi, aliyeshinda zabuni na anayejua kwamba akizembea mwenzake yuko mlangoni. Alikuwa mtu wa katikati. Akibanwa na abiria aliweza kunyooshea kidole Serikali, na Serikali ikibanwa na wabunge iliweza kumnyooshea kidole yeye.

Tuangalie nauli, kwa maana ndipo ugomvi ulipoanzia. Kabla ya huduma kuanza mwendeshaji alipendekeza viwango vya juu. Serikali ilikataa, na SUMATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri ambayo baadaye ilirithiwa na LATRA, ikapitisha shilingi 400 kwa njia za pembeni, 650 kwa njia kuu na 800 kwa anayeunganisha zote mbili. Abiria walifurahi, nami ningekuwa abiria wa kila siku wa Kimara ningefurahi pia. Hata hivyo msomaji anayekumbuka yaliyoipata UDA ya kwanza ataona kamba ileile inasokotwa upya. Serikali inapopanga nauli chini ya gharama ina njia mbili za haki: ama ilipe tofauti hiyo waziwazi kutoka hazina, kwa kuwa usafiri nafuu una faida kwa jiji zima, ama imwachie mwendeshaji nauli inayolipa. Njia ya tatu, ya kushikilia nauli chini, kutolipa ruzuku na kungoja mabasi mapya yanunuliwe kwa miujiza, ilijaribiwa miaka ya 1970 na matokeo yake yalionekana. Na kama mapato yanamfikia mwendeshaji kwa kadiri ya abiria aliowajaza na si kwa kadiri ya safari alizotoa, basi moja lililojaa hadi vioo vinatoka jasho lina faida kwake kuliko mawili yaliyojaa kwa kiasi. Abiria wa Kimara wanaolijua dirisha la basi kama mlango wa pili hawahitaji kufafanuliwa zaidi.

Karakana ya Jangwani ni mfano mwingine, na wenyewe ni wa kusikitisha. Bonde la Msimbazi hufurika. Kila mkazi wa Magomeni analijua hilo bila kusoma ripoti ya mhandisi. Hata hivyo karakana kuu ya mabasi iliwekwa humo humo, na mvua zilipokuja maji yaliingia, mabasi yakaharibika, na njia ikafungwa mara kwa mara. Aliyechagua mahali si yule aliyepata hasara ya injini, na aliyepata hasara ya injini hakuwa na neno katika kuchagua mahali. Mabasi mengine mapya yaliyoagizwa yalikwama bandarini kwa mvutano wa kodi, jambo ambalo nashindwa kulieleza kwa namna yoyote ya kistaarabu: mkono mmoja wa dola unalilia mabasi, mkono mwingine umeyafungia getini.

Mwishowe Serikali, kupitia Hazina, ilijikuta mmiliki mkubwa wa kampuni iliyokusudiwa iwe ya wafanyabiashara. Wapo waliofurahia, wakisema mali ya umma imerudi kwa umma. Sikuona sababu kubwa ya furaha. Umiliki ulibadilika, lakini masharti yaliyoifanya kampuni iyumbe yalibaki: hakuna mshindani, mkataba haumbani mtu kwa kipimo cha wazi, na mabasi yanazeeka. Kufikia Oktoba 2025 hasira za abiria wa Kimara zilikuwa zimefika mahali pabaya, na ili kuokoa jahazi mabasi ya Mofat yalipelekwa kwenye njia hiyo pia. Anayetaka ushahidi wa haraka kwamba biashara inaishinda Serikali anaweza kuishia hapo.

Mimi siishii hapo, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba Mofat nayo inakimbiza mabasi yake juu ya barabara ambayo haikuijenga na isingeweza kuijenga, kwa gesi inayotoka baharini na nchi kavu ya kusini kupitia bomba lililojengwa kwa uamuzi na mkopo wa Serikali, kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam. Mfanyabiashara ameleta kitu ambacho Serikali ilikikosa kwa miaka, yaani mabasi mengi kwa mara moja. Mkataba uliotangazwa ulikuwa wa mabasi 255. Lakini amekileta juu ya meza iliyokwisha kuandaliwa. Ya pili ni kwamba mabasi mapya hupendeza siku zote. Hata yale 140 yalipendeza mwaka 2016, watu wakipiga picha nayo. Kipimo cha mwendeshaji ni mwaka wa tano, gia zinapoanza kulalamika na faida ya kununua kipuri halisi inapolinganishwa na faida ya kununua cha bandia.

Hivyo swali la nani kati ya wawili hawa analeta ajira, kwa ushahidi wa barabara hizi mbili, halijibiki kwa jina la mmoja. Linajibika kwa kuangalia nani amebebeshwa mzigo gani. Serikali ya Tanzania imeonyesha kwamba inaweza kujenga, na ikijenga inafungua mianya ya kipato ambayo mtaji binafsi usingeifungua kwa karne nzima. Imeonyesha pia, kwa UDA ya zamani na kwa ile ya mpito, kwamba inapoingia katika kuzungusha magurudumu kila siku huku ikishika nauli kwa mkono wa siasa, inashindwa. Wafanyabiashara wa daladala wameonyesha kwamba wanaweza kuajiri haraka na kwa wingi pale penye ushindani mkali, na wameonyesha kwa uwazi huohuo kwamba ushindani pekee haumpi mfanyakazi mkataba. Palipofanyika vibaya kabisa ni pale ambapo ushindani uliondolewa bila kuweka usimamizi mahali pake, kila mmoja akabaki na haki ya kupata na hakuna aliyebaki na wajibu wa kulipa.

Jiji hili lilihesabiwa kuwa na watu 5,383,728 mwaka 2022, zaidi ya milioni moja ya ongezeko ndani ya miaka 10, na ujenzi wa awamu zinazofuata, ya Gongo la Mboto na ile ya kuelekea Tegeta, unaendelea kwa mikopo ya Benki ya Dunia. Ningependa zabuni za mabasi ya njia hizo zitangazwe kabla zege halijamwagwa lote, ili yasitokee tena ya Mbagala. Ningependa kila njia iwe na waendeshaji wasiopungua wawili, ambao wanalipwa kwa kilomita walizokimbia na kukatwa kwa safari walizokosa, nauli ikusanywe na chombo kisichomiliki basi hata moja, na kiasi cha ruzuku, kama ipo, kiandikwe katika bajeti ya Serikali ili mbunge wa Kigoma aweze kuuliza kwa nini wapigakura wake wanamchangia abiria wa Kimara. Na katika masharti ya zabuni kuwe na kifungu kinachomtaka mshindi kuajiri kwanza, kwa mkataba wa maandishi, kutoka kwa madereva na makonda wanaoondolewa kwenye njia ileile, kwa kuwa leseni zao na majina yao yanaweza kupatikana LATRA na katika vyama vyao kabla daladala ya mwisho haijafutiwa ruti.